Mjumbe wa Baraza Anaposhitakiwa Mbele ya Wenzake

 

Katika vijiji vya milima ya Uluguru, kuanzia Kinole na Matombo hadi Mgeta, ugomvi wa mashamba mara nyingi huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, baraza hili lina wajumbe 7, na wanawake kati yao hawapungui 3. Kazi yake ni kusuluhisha. Swali tunalolikusudia ni hili: mdaiwa akiwa ni mjumbe wa baraza lenyewe, je, wenzake waketi kumsikiliza?

Wapo wasemao kuwa hapana ubaya, maadamu wajumbe ni wazee waaminifu. Hoja hii hatuikubali. Uadilifu ni sharti la kumpa mtu ukadhi, wala si ruhusa ya kuhukumu katika jambo lake. Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba hukumu ya kadhi haipiti kwa manufaa ya nafsi yake, wala ya mshirika wake katika mali ya ushirika, wala, kwa kauli sahihi, ya wazazi wake na watoto wake. Kadhi anayezungumzwa hapo ni mwadilifu, kwani fasiki hakustahiki kiti tangu mwanzo. Kinachozuia ni tuhuma.

Wengine hutoa hoja kwa aya ya 135 ya Surat An-Nisaa, inayoamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Aya hiyo ni hoja juu yao. Imetaja kusema kweli dhidi ya nafsi, na wao wanataka kuamua kwa ajili ya nafsi.

Kisha huja mwanafunzi akasema: kitabu kimetaja wazazi na watoto, hakikumtaja mjomba, basi mjomba na asikilize kesi ya mpwawe. Huku ni kushika herufi na kuiacha illa. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Uhalali wa mirathi ya namna hiyo una mlango wake, hatuufungui hapa. Lakini shamba likibaki kwa mpwa, limebaki katika ukoo wa mjomba. Basi kama hakuingia katika mlango wa mzazi, twaona ameingia katika mlango wa mshirika.

Haki ina pande mbili. Mjumbe aliyeshitakiwa naye aweza kuwa na mahasimu barazani wanaokitamani kiti chake, na Mashafii wamemzuia kadhi kutoa hukumu dhidi ya adui yake. Tena Mtume (S.A.W.) alimuusia Ali (R.A.) asihukumu mpaka amsikie mgomvi wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Al-Bayhaqi amepokea kwa Ash-Sha'bi kwamba Umar (R.A.) alishindana na Ubayy bin Ka'b, wakaenda kwa Zayd bin Thabit. Zayd akataka kumpa Umar nafasi ya heshima, Umar akaikataa, akaketi pamoja na mgomvi wake. Isnadi yake imekatika, kwa kuwa Ash-Sha'bi hakumdiriki Umar. Basi tunaitaja kwa ajili ya adabu, si kujengea hukumu.

Na adabu hiyo ndiyo tunayoitaka. Mjumbe ateremke kitini, aketi alipoketi mdai, na walio wa ukoo wake na mahasimu zake wajitoe. Wakibaki wachache mno, shauri liende mbele. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo husuluhisha tu katika ardhi. Sulhu ikishindikana, mwenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Usuluhishi husimama juu ya ridhaa, kama tahkim. Mjane akiteremka mlimani akiamini ameshindwa kabla hajasema, ridhaa imeondoka, na hakuna tena kinachowafunga. Maimamu wanaoalikwa mabarazani, na hata katika kamati za misikiti, waanze kwa kuuliza: nani kati yetu ana fungu katika jambo hili?

Wallahu a'lam.