Samaki Anayetupwa Huliwa na Nani?

Mwaka 1996, Stefan Garthe, Kees Camphuysen na Robert Furness walikadiria kwamba meli za uvuvi katika Bahari ya Kaskazini zilitupa takriban tani 790,000 za samaki, matumbo na viumbe wa sakafu ya bahari kila mwaka, na kwamba shehena hiyo ingeweza kulisha ndege karibu milioni 6. Wengi huishika hesabu hiyo ya mwisho bila kuuliza ilivyopatikana. Mtafiti hupanda melini, hupima urefu wa samaki, kisha huwatupa mmoja mmoja nyuma ya meli, huku ikiandikwa ni ndege gani aliyedaka, nani aliyemeza, nani aliyenyang'anywa, na samaki yupi aliyezama. Ndege wanaoizunguka meli nao huhesabiwa, ili ijulikane ni aina ipi inayojipatia zaidi ya sehemu inayolingana na wingi wake. Katika majaribio hayo, ndege walichukua karibu asilimia 95 ya matumbo na asilimia 80 ya samaki wa mwili mviringo, lakini asilimia 20 tu ya samaki bapa, kwani koo la shakwe halimpitishi kwa urahisi samaki mpana.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mvuvi hatupi samaki mmoja mmoja. Humwaga rundo, na wengi huzama kabla ya kufikiwa na mdomo wowote. Ni kweli, na asilimia hizo huenda zimeelemea juu. Hata hivyo, pengo kati ya 80 na 20 ni kubwa mno kuletwa na namna ya kutupa peke yake. Hoja nzito zaidi ni nyingine: kujua sehemu ya samaki inayoliwa na ndege si kujua sehemu ya mlo wa ndege inayotoka melini. Aliye sitahani humwona ndege aliyekuja tu; aliyekwenda kuvua mwenyewe hamwoni kamwe. Jibu liko kwenye viota. Kwenye visiwa vya Shetland, Uskoti, mabaki ya chakula yanayotemwa na ndege wa baharini waitwao skua wakubwa, yaliyochunguzwa kwa miaka mingi, yalionyesha kwamba samaki wa kutupwa walipopungua, skua waliwageukia ndege wenzao na kuwala. Kwenye kisiwa cha Grassholm, Wales, kamera ndogo zilizofungwa kwenye ndege aina ya ganeti zilionyesha madume wakifuata meli zaidi kuliko majike, tofauti ambayo hesabu ya melini pekee isingeifichua.

Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2015 kuwalazimisha wavuvi kuleta bandarini samaki waliokuwa wakitupwa, na sharti hilo likakamilika mwaka 2019. Anayetaka kukadiria athari yake kwa ndege kwa kuzidisha tani na asilimia za melini peke yake atakosea. Sehemu ya fedha za utafiti ipelekwe kwenye viota.