Mtetemo na Mzigo Wake: Tatizo la Istilahi za Sauti

Neno "mtetemo" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mwandishi wa Kiswahili anayeeleza mlio wa gitaa la umeme hulitumia kwa tremolo, kisha akalitumia tena kwa vibrato, kana kwamba mambo hayo ni mamoja. Si mamoja. Katika tremolo, kinachopanda na kushuka ni nguvu ya sauti. Noti yenyewe haitoki mahali pake. Katika vibrato, kidatu ndicho kinachoyumba. Mwanaisimu asiyekubali kuchanganya mkazo na toni hana udhuru wa kuyachanganya haya.

Huenda mtetezi akadai kwamba hata wenye istilahi zao walikosea. Ni kweli. Kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ule mkono wa chuma unaolegeza nyuzi na kuyumbisha kidatu iliuita tremolo. Kisha katika vikuza sauti vyake, kama Vibroverb ya mwaka 1963, saketi ya kupunguza na kuongeza nguvu ya sauti ikaitwa vibrato. Majina yalipishana kabisa, na wapiga magitaa wameurithi mkanganyiko huo hadi leo. Kiswahili, ambacho bado kina nafasi ya kuchagua, hakilazimiki kuurithi pia.

Hoja nzito zaidi hutokana na spika ya Leslie, iliyobuniwa na Don Leslie kwa ajili ya kinanda cha Hammond. Ndani yake pembe huzunguka. Mdomo wake ukimkaribia msikilizaji, kidatu hupanda; ukienda mbali, hushuka; na katika mzunguko huohuo sauti hukua na kufifia. Hapa "mtetemo" huonekana kutosha. Hata hivyo, anayetaka kueleza kwamba mambo mawili yametukia pamoja hana budi kuwa na majina mawili.

Lugha inayo. Jipu hupwita: maumivu huzidi na kupungua bila kuhama. Basi tremolo iitwe "mpwito", na vibrato "myumbo". "Mtetemo" ubaki jina la jumla, kama wanafizikia wanavyolitumia.

Flanja ni shauri jingine. Kanda mbili za wimbo uleule zilichezwa pamoja, na fundi akaugusa kwa kidole ukingo wa gurudumu la mojawapo ili ichelewe kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Jina la Kiingereza latokana na ukingo huo. Kulitafsiri neno kwa neno ni kutafsiri chombo na kuiacha sauti. Heri mkopo ubaki mpaka sikio lenyewe litoe jina.