Dira Isiyoonyesha Upande Wetu

Mwaka 1957 shirika la filamu la DEFA la Ujerumani ya Mashariki lilitoa filamu ya picha nyeusi na nyeupe iitwayo Die Windrose, yaani ule mchoro wa dira uonyeshao pande za dunia. Nyuma ya kazi hiyo lilikuwako Shirikisho la Kidemokrasia la Wanawake Duniani. Filamu hiyo si hadithi moja, bali ni hadithi tano zilizofungwa katika kitita kimoja, kila moja ikiwa na mwongozaji wake: Alex Viany wa Brazili, Sergei Gerasimov wa Urusi, Yannick Bellon wa Ufaransa, Gillo Pontecorvo wa Italia, na Wu Guoyin wa Uchina. Waliosimamia kazi nzima ni Joris Ivens, Mholanzi, na Alberto Cavalcanti, Mbrazili. Katika kila hadithi yumo mwanamke anayepigania haki.

Iliyo bora, kwa maoni yetu, ni ile ya Pontecorvo iitwayo Giovanna. Wanawake wa kiwanda cha nguo, baada ya kuarifiwa kwamba baadhi yao wataachishwa kazi, wanakataa kutoka. Wanakaa humo usiku na mchana. Nje wamebaki waume na watoto. Mume wa Giovanna ni mfuasi wa siasa ya wafanyakazi, lakini mkewe anapoitimiza siasa hiyo kwa vitendo, yeye anakunja uso. Hapo ndipo penye ukweli wa hadithi: ugomvi haukuachwa kwenye lango la tajiri, umeingia hadi jikoni. Tena wachezaji si watu wa tamthilia, ni wafanyakazi wenyewe, na mikono yao inajulisha hivyo. Hadithi ya Ufaransa, ingawa wamo Simone Signoret na Yves Montand, haituingii moyoni kiasi hicho. Nyuso zilizozoeleka mno humkumbusha mtazamaji kwamba anatazama mchezo.

Lakini dira hii ina upungufu. Amerika ya Kusini imo, Ulaya imo, Asia imo, Afrika haimo. Je, ni kwa kukosa habari? Sisi tulioko Kifaru, chini ya milima ya Upare, hatuwezi kukubali jibu hilo. Baina ya miaka 1944 na 1947 Wapare waliikataa kodi iliyopewa jina la mbiru, iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake. Wanaume kwa maelfu walishuka Same, wakapiga kambi penye makao ya serikali ya wilaya, na mashamba yakabaki mikononi mwa wake zao. Ndipo wanawake wa Usangi walipomkabili Bwana DC na kumpa hoja: ama aumalize mgogoro ili waume warudi nyumbani, ama awatie mimba wote yeye mwenyewe. Kule Italia wanawake wamo ndani na waume wako nje. Huku ni kinyume chake. Mwandishi gani wa filamu angeukataa mkasa kama huo?

Kamera zilikuwa zimekwisha kufika karibu nasi. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na Bwana Latham walitengeneza filamu fupi 35, nazo pia nyeusi na nyeupe, za kuwafunza Waafrika. Zilichukuliwa kwa lori, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na mbele zaidi, na maneno yake yakatoka katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Moja ya filamu hizo ilieleza faida ya kodi! Lugha zilikuwa nyingi, lakini mwenye kusema alikuwa mmoja. Wapare walipotoa jibu lao kuhusu kodi miaka michache baadaye, hapakuwa na kamera ya kulipokea.

Pontecorvo mwenyewe alifika Afrika baadaye. Mwaka 1966 alitoa filamu ya vita vya Algiers, na humo wamo wanawake wa Kialjeria wakibeba mabomu katika vikapu. Hata hivyo hakuja kwa uamuzi wake peke yake. Yacef Saadi, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa mji huo, alishiriki kuitengeneza filamu hiyo na akacheza ndani yake. Kwa habari ya mbiru tunacho kitabu cha Isaria Kimambo cha mwaka 1971. Mwalimu akitaka wanafunzi wake waandike mchezo, hoja ya wanawake wa Usangi inatosha kuwa onyesho la kwanza.