Episodi Sita kwa Mpigo Mmoja

Ijumaa ya 15 Julai 2022 Netflix iliinyonga Country Queen kwa mkono wake yenyewe. Hii ndiyo tamthilia ya kwanza ya Kenya kupewa nembo ya Netflix. Ndani yake kijiji cha Tsilanga kinakaribia kunyang'anywa ardhi na kampuni ya madini ya Eco Rock, uchaguzi mkuu halisi wa Kenya umebakiza siku 25, na episodi zote sita zikamwagwa siku hiyo hiyo.

Ishike kalenda uhesabu. Zingetoka moja kila Ijumaa, ya nne ingeangukia 5 Agosti, siku nne kabla ya kura. Ya tano, tarehe 12, ingewakuta watu wamekodolea macho Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za urais, Fomu 34A za matokeo ya vituo zikikaguliwa moja moja. Ya sita ingetoka tarehe 19, siku nne baada ya mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Wafula Chebukati kumtangaza William Ruto mshindi na makamishna wanne kuyakana matokeo. Hayo ni majira ambayo hakuna mtayarishaji anayeweza kuyanunua. Yalikuja bure, yakatupwa.

Hapa Shanzu, Mombasa, hasara yake inaeleweka upesi. Aliyetoka zamu ya usiku hotelini yuko episodi ya pili, mwenye bando nono amemaliza tangu Jumamosi, na penye kahawa gumzo linafia kwenye "usinisimulie!" Na gumzo hilo lilikuwa na kuni za kutosha. Mtu akishaziona hila za Vivienne Sibala, bosi wa Eco Rock, mpe wiki nzima, atamfikisha mwenyewe Likoni, kwenye shamba la Waitiki, ekari 930 zilizokaliwa na wananchi kwa miaka mingi hadi serikali ikazinunua na Rais Uhuru Kenyatta akagawa hati mnamo Januari 2016. Atamvusha hadi Owino Uhuru, ambako Julai 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi waliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda cha betri walipwe shilingi bilioni 1.3. Bara ya Mombasa ina siasa za namna hiyo, ila kamera zikija Pwani hukimbilia minazi na mchanga. Safu hii haitachoka kulisema.

Nini Wacera aliimudu nafasi ya Sibala barabara, na lugha zilipokezana kama zinavyopokezana vinywani mwa watu.

Lakini ratiba! Tabia hii ya kumwaga ilivuma kwa House of Cards ya Netflix, episodi 13 kwa siku moja, 1 Februari 2013. Ile ya asili, ya BBC, ilianza Jumapili ya 18 Novemba 1990 kwa hadithi ya waziri mkuu wa Kihafidhina aliyeondoka na wenzake wakigombea kiti. Alhamisi iliyofuata Margaret Thatcher akatangaza kujiuzulu. Jumapili ya pili Waingereza walimtazama Francis Urquhart wa Ian Richardson huku wakijua kwamba kiti chenyewe kilikuwa kinagombewa kweli. Hata komedi za Kenya Vioja Mahakamani na Vitimbi ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai zilikaa vinywani mwa watu kwa sababu ilibidi zisubiriwe wiki nzima.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027, na kalenda inarudi vile vile: tamthilia ya siasa yenye episodi sita ikianza Ijumaa ya 16 Julai, ya nne itatoka siku nne kabla ya kura.