"Kukodisha Madini": Istilahi Inayopotosha

Hivi karibuni tulionyeshwa, katika kata ya Sombetini mjini Arusha, hati iliyopigwa chapa dukani yenye kichwa "Mkataba wa Kukodisha Madini ya Familia". Familia yenye shamba katika miteremko ya Mlima Meru ilikuwa ikimruhusu mwenye malori kuchimba moramu kwa miaka mitano. Upatanisho wa kisarufi katika hati hiyo hauna dosari. Kasoro imo katika kichwa chenyewe.

Tuanze na neno madini. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote ni mali ya Jamhuri, na vifaa vya ujenzi kama mchanga, mawe na moramu vimehesabiwa humo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, inapofasili ardhi, huyaweka madini na mafuta nje ya fasili hiyo. Mzee wa Meru anaposema "ardhi yangu", maana yake ni udongo wote hadi jembe lisikofika. Moramu kwake ni udongo. Kwa sheria ni madini. Mzozo huu wa maana hautatuliwi na kamusi yoyote tuliyo nayo, na watunzi wa istilahi wamekaa kimya mno juu yake.

Maneno "madini ya familia" yana maana kamili katika Marekani. Huko, Texas kwa mfano, mwenye shamba aweza kumiliki kilicho chini yake, akakitenga na uso wa ardhi, akawarithisha wanawe, au akaipa kampuni haki ya kuchimba mafuta na gesi iliyobanwa katika miamba ya udongo mgumu. Hupewa malipo ya awali, kisha fungu la mapato, ambalo kwa desturi ya zamani lilikuwa sehemu 1 ya 8. Mfasiri anayeyaleta maneno hayo kwetu bila maelezo huleta pamoja nayo sheria isiyokuwepo.

Neno kukodisha lina matatizo mawili. Kwanza, kukodi na kukodisha vimechanganywa vibaya mitaani: mtu husema "nimekodisha gari" hali yeye ndiye aliyelikodi. Katika hati tuliyoisoma, ibara ya tatu inamwita mwenye malori "mkodishaji", na ibara ya sita inaiita familia vivyo hivyo. Nani basi amlipe nani? Pili, kitu kilichokodishwa hurudi kwa mwenyewe. Baiskeli hurudi, shamba hurudi baada ya mavuno. Moramu iliyopakiwa lorini hairudi, na kinachobaki ni shimo.

Tena hati inayaita malipo ya kila tripu "mrabaha" (nakala ya pili imeandika "marahaba", kana kwamba lori limeamkia). Mrabaha ni malipo kwa Serikali. Kiwango cha vito, tanzanaiti ya Mererani ikiwamo, kilipandishwa mwaka 2017 kutoka 5% hadi 6%. Familia haiwezi kutoza mrabaha.

Twaweza kuambiwa kwamba haya ni mabishano ya wataalamu wa lugha. Sivyo. Ikiwa mwenye malori hana leseni, familia imetia sahihi kwamba imetoa kisicho chake. Na kile ambacho kweli ni chake, yaani idhini ya mkaaji halali wa ardhi, fidia ya mazao na haki ya kudai shimo lifukiwe, hakikutajwa hata mara moja, kwa sababu neno madini lilikuwa limeshameza yote. Mjane aliyetia dole gumba hakujua aulize nini.

Tunapendekeza leseni itumike kwa kibali cha Serikali tu. Idhini ya kuchimba kwa ruhusa ya mwenye shamba. Malipo ya idhini kwa fedha anazopewa. Na fidia kwa hasara ya mimea na uso wa ardhi. Kwa desturi ya Marekani tuseme "mkataba wa kutoa haki ya kuchimba", ingawa ni mrefu. Kuna aliyetuletea "ukodishomadini". Tumemrudishia kwa heshima. Kichwa cha hati ya Sombetini kingekuwa "Hati ya Idhini ya Kuchimba Moramu Shambani", na ibara ya kwanza ingetaja namba ya leseni ya mchimbaji.