Ufundi wa Mwanaprogramu wa Peke Yake

Kuandika programu bila mwenzi ni ufundi wa kuheshimika, na nidhamu yake ni kali kuliko ya anayefanya kazi katika kundi. Kwenye kampuni kubwa za Nairobi, mmoja huandika msimbo, wa pili huusoma, wa tatu huujaribu. Kitale na Bungoma, anayeuundia ushirika wa wakulima au duka la pembejeo programu ya hesabu hana msomaji wala mjaribu. Majukumu hayo hayafutiki kwa kukosa watu wa kuyabeba. Hubebwa na mazoea yake mwenyewe.

Zoea la kwanza ni kuijua kazi ya mteja kabla ya kugusa kibodi. Anayeketi na karani wa ghala wakati wa mavuno hujifunza mambo ambayo mwenye biashara hakuyataja kwa kuyaona ya kawaida: kwamba gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90 ilhali mfuko wa mbolea ni kilo 50, na kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayana budi kukaushwa kabla ya kuuziwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Programu isiyojua tofauti hizo hukosea hesabu hata kama msimbo wake ni safi.

La pili ni kutunza historia ya kazi. Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya maelfu ya watu wanaojenga Linux, humfaa vilevile mtu mmoja. Badiliko dogo likikamilika huhifadhiwa peke yake, pamoja na sentensi inayoeleza sababu yake, maana baada ya msimu mzima hata aliyeliandika huwa amesahau alikuwa na nia gani. Jioni, nakala hupelekwa kwenye seva ya mbali. Stima hukatika, laptopu huibwa, diski hufa. Kazi iliyo na nakala mahali pengine hubaki salama.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni majaribio. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, programu ya biashara nchini Kenya ni nadra kuepuka suala la malipo ya simu. Hapo ndipo umakini hupimwa. Taarifa ya malipo inaweza kuchelewa au kufika zaidi ya mara moja, na mteja mwenye haraka anaweza kubonyeza tena. Fundi mwangalifu huisajili namba ya kila muamala na kukataa kuihesabu mara ya pili. Hujaribu hali hizo zote kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kabla shilingi ya mtu haijaguswa. Kasoro ikigunduliwa, huiandikia jaribio kwanza, ndipo airekebishe. Ikirudi siku nyingine, jaribio hilo huinasa.

La nne ni kulinda watu na muda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai taarifa za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, kwa hiyo namba ya kitambulisho isiyo na kazi haichukuliwi. Saa za kuandika hutengwa na saa za kupokea simu za wateja, na usiku huachiwa usingizi, kwani msimbo wa mtu aliyechoka huzaa marekebisho ya kesho. Tena, upweke una dawa: wawili, mmoja Kitale na mwenzake Bungoma, wanaweza kusomeana msimbo kila wiki, na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoko Bungoma, wanaweza kualikwa kujifunza kwa kusoma kazi halisi.

Anayeingia katika ufundi huu na ayajenge mazoea haya akiwa bado na mteja mmoja. Wakulima wanaosubiri malipo ya mavuno yao wanastahili hesabu iliyo sahihi tangu siku ya kwanza.