Hank Jones, fundi wa kusindikiza

Mpiga piano wa kuonyesha ujuzi wake yupo kila mahali. Wa kumsindikiza mwimbaji bila kumkanyaga ndiye wa kutafutwa kwa tochi. Mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald alimpata Hank Jones mwaka 1948, akakaa naye hadi 1953.

Hank alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1918, akakulia Pontiac, Michigan. Baba yake alikuwa shemasi wa Kibaptisti. Mdogo wake Thad akawa bingwa wa tarumbeta na utunzi. Mwingine, Elvin, ndiye aliyempigia dramu mpiga saksofoni John Coltrane kana kwamba anataka kubomoa jukwaa. Kaka mtu ndiye alikuwa mtulivu.

Utulivu wenyewe usikie kwenye “Autumn Leaves”, katika albamu ya Cannonball Adderley ya mwaka 1958, Somethin' Else. Mpiga tarumbeta Miles Davis anapuliza noti chache na kuacha nafasi pana. Mwingine angekimbilia kuzijaza. Hank anadondosha kodi fupi (noti kadhaa kwa pamoja), ananyamaza, anamwacha mwenzake apumue. Zamu yake ikifika, noti zinatiririka, lakini hakuna inayomezwa na jirani yake; hata zile za haraka kabisa unaweza kuzihesabu. Mguso wake ni mwepesi, ila haulegei. Nimeurudia wimbo huo mara nyingi, na bado sijasikia noti ambayo ningeitoa.

Kuanzia 1959 aliajiriwa na shirika la utangazaji la CBS, akabaki huko zaidi ya miaka 15, akipiga chochote alichowekewa mbele. Hata Marilyn Monroe alipomwimbia Rais Kennedy mwaka 1962, kwenye piano alikuwa yeye. Wapo wanaoona ni kipaji kilichopotezwa. Sikubaliani nao: mtu aliyekwisha kusindikiza kila aina ya sauti hababaishwi na mgeni.

Ushahidi ni mwaka 1995, akiwa na miaka zaidi ya 75. Katika albamu ya Sarala alikutana na Cheick Tidiane Seck na wanamuziki wenzake wa Kimandinka, ambao mdundo wao huzunguka palepale bila haraka ya kuhama kodi. Hank hakuwavuta waje kwenye jazi. Aliingia katikati ya mzunguko wao na kutafuta pa kuweka neno lake. Mwaka huohuo ikatoka albamu ya Steal Away, yeye na Charlie Haden kwenye besi, wawili tu, wakipiga hasa nyimbo za kanisani. Tenzi hizo anazipiga karibu kama zilivyo, na mabadiliko anayafanya chini chini, kwenye kodi za mkono wa kushoto, ili anayetaka kuimba naye asikwame.